Mafunzo ya hotelini yamekwisha, daftari limerudi mezani

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni msimamizi wa ghala la mizigo hapa Malaba, upande wa Uganda. Tuko 34: makarani wa lango na wa mizani, wapakuzi, madereva wa foklifti, walinzi na watu wa ofisi. Mwaka huu bosi alinunua programu ya kompyuta ya kupokea na kutoa mizigo. Wataalamu walitoka Kampala wakatufundisha siku mbili katika hoteli moja ya Tororo, tukapewa vyeti na nauli. Wiki tatu baadaye kila mtu alikuwa amerudi kwenye daftari. Mimi ndiye ninayejaza programu usiku, peke yangu, nikinakili kutoka daftarini. Wazee wanasema kompyuta imeletwa ili wafukuzwe. Vijana wanasema wazee ndio wanaokwamisha. Bosi amenipa miezi mitatu na pesa kidogo za kuandaa mafunzo mengine. Nianzie wapi?

Jibu: Dada msimamizi, asante kwa kuandika, na pole kwa hizo saa za usiku. Nianze na hizo. Kila usiku unapowajazia wenzako programu, wanajifunza kwamba programu ni kazi ya msimamizi na daftari ni kazi yao. Bosi naye akifungua skrini anaona safu zote zimejaa, anaamini mafunzo yalifaulu. Kwa hiyo mweleze kwanza, ana kwa ana, kwamba anachokiona ni mwandiko wa mtu mmoja. Ukiacha kunakili kabla hajajua, atadhani ghala zima limesimama ghafla na lawama itakuangukia wewe.

Baada ya hapo, kabla hujapanga somo lolote, kaa na hilo daftari. Wengi tunaofanya kazi ya kufundisha watu kazini tunalidharau. Tunaliona kama uzee, kama ubishi. Mimi nilibadilika mawazo katika ghala moja la Busia, ambako niliitwa baada ya mafunzo kushindikana mara mbili. Karani wa lango alikuwa mzee wa makamo, na kaunta buku lake lilikuwa nene, lenye mgongo mwekundu, kona zimekwisha kwa kushikwa. Nilimwomba anisomee ukurasa mmoja. Tarehe, saa, namba ya lori, jina la dereva, mwenye mzigo, idadi ya magunia: hayo yote programu ilikuwa nayo. Lakini pembeni, kwa kalamu nyekundu, palikuwa na maneno mengine. "Matatu yamelowa." "Turubai limechanika nyuma." "Dereva amekataa kusaini." Nikamuuliza haya anayaandikia nani. Akafungua kurasa za nyuma akanionyesha siku ambayo mwenye mzigo alidai magunia 11 yaliozea ghalani, na ofisi ikataka kumkata mshahara. Ukurasa ule, wenye sahihi ya dereva kando ya maneno "yameingia yamelowa", ndio uliookoa mshahara wake. Akaniuliza, kwa upole kabisa: siku kama ile ikirudi, hii kompyuta itanitetea?

Haikuwa na uwezo huo. Programu ilikuwa na nafasi ya idadi, na kitufe cha kupokea au kukataa, basi. Hakuna aliyemuuliza karani kabla ya kuinunua. Tuliwaomba walioitengeneza waongeze nafasi ya maelezo na mahali pa kuweka picha iliyopigwa kwa simu. Haikuwachukua hata wiki. Siku ilipowekwa, yule mzee alikuwa wa kwanza kutaka kuonyeshwa, kwa sababu picha ya gunia lililolowa ina nguvu kuliko kalamu nyekundu.

Nakuambia haya kwa sababu naamini hata kwenu Malaba liko jambo la namna hiyo. Mtu haachi kifaa kinachomlinda kwa sababu amepewa cheti hotelini. Tafuta daftari lenu linafanya kazi gani ambayo programu haifanyi. Huenda ni maelezo ya pembeni. Huenda ni kwamba daftari halizimiki umeme ukikatika. Huenda ni kwamba dereva anataka kuona mwandiko na sahihi ndipo aondoke. Andika orodha, ipeleke kwa walioiuza programu, udai majibu. Kama umelipia programu, marekebisho madogo ya namna hii ni haki yako kuyadai.

Sasa hofu ya kufukuzwa. Usiichukulie kama uvumi wa wazee. Watu wa Malaba wana sababu ya kuogopa. Wanakumbuka 2014, Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki ilipoanza kutumika kwenye njia ya Mombasa, na mizigo mingi ya Uganda ikaanza kukamilishiwa ushuru ikiwa bado bandarini. Kwa mwenye lori ilikuwa nafuu kubwa. Kwa wakala wa forodha aliyeishi kwa makaratasi ya lori lililosimama mpakani, kazi iliyeyuka mbele ya macho yake. Wengine walihamia Mombasa, wengine wakafunga ofisi. Kisha zikaja risiti za EFRIS, yaani risiti za kielektroniki za mamlaka ya mapato, mwaka 2021, na kila mfanyabiashara wa VAT akalazimika kubadili namna ya kuandika mauzo. Mfanyakazi wako wa miaka 50 ameyaona yote hayo. Ukimwambia "usiwe na wasiwasi", atakuona humheshimu.

Kuna utafiti wa zamani ambao huwa ninawasimulia mabosi kila ninapoweza, kwa sababu unahusu jambo hili hasa. Ulifanyika katika kiwanda cha kushona pajama huko Marion, Virginia, Marekani, ukachapishwa mwaka 1948 na Lester Coch na John French. Kiwanda kilikuwa kinabadili namna ya kufanya kazi mara kwa mara, na kila mara uzalishaji ulishuka na watu wakaondoka. Safari hiyo wakawagawa wafanyakazi. Kundi moja liliitwa likaambiwa: kazi imebadilika, malipo ni haya, mna maswali? Makundi mengine yalionyeshwa tatizo lenyewe, yakashiriki kupanga kazi mpya itakavyokuwa, mengine kwa wawakilishi na mengine watu wote. Katika lile kundi lililoambiwa tu, uzalishaji ulishuka, ugomvi ukazuka, na asilimia 17 waliacha kazi ndani ya siku 40 za kwanza. Katika yale yaliyoshirikishwa, hakuna aliyeondoka katika siku hizo, na uzalishaji ukapanda tena. Ilikuwa kiwanda kilekile, mabadiliko ya aina ileile.

Kwa hiyo mkalishe bosi na umuulize swali hili bila kuzunguka: kuna kazi zitakazoondoka, au hakuna? Kama hakuna, aje ghalani aseme mwenyewe, mbele ya zamu zote, na aandike. Kama zipo, aseme ni zipi, lini, na wenyewe watahamishiwa wapi au watalipwa nini. Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri anayekusudia kuachisha kazi watu 10 au zaidi ndani ya miezi 3, kwa sababu za kiuchumi, kiteknolojia au za muundo wa kazi, awaarifu wawakilishi wa chama cha wafanyakazi kama wapo, na Kamishna wa Kazi pia. Wakiwa wachache kuliko hapo, bado wana haki yao ya notisi na malipo. Na kama bosi hataki kusema lolote, ushauri wangu ni usianze mafunzo. Najua huo ni ushauri mgumu kwa mtu aliyepewa miezi mitatu. Lakini hutamfundisha mtu kuendesha kitu anachoamini kitachukua nafasi yake, na kila utakachojaribu kitatumia imani waliyo nayo kwako wewe, ambaye utabaki nao bosi akirudi Kampala.

Tukichukulia kwamba amesema, sasa ndipo tufike kwenye mafunzo yenyewe.

Usirudi hotelini. Sina ugomvi na chai na chapati za semina, lakini kilichofundishwa Tororo kilifundishwa mbali na lori, mbali na kelele, mbali na dereva anayepiga honi kwa sababu ana foleni nyuma yake. Zaidi ya hapo, kilifundishwa chote kwa siku mbili. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kumbukumbu yake na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachosahau tunakisahau mapema, katika saa na siku za kwanza, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana kunashinda kurundika. Dakika 20 kila siku kwa wiki mbili, pale mezani pa kazi, zitakupa zaidi ya siku mbili za projekta.

Na usifundishe programu. Fundisha kazi moja. Karani wa lango hahitaji kujua ripoti za mwezi; anahitaji kupokea lori. Wakati wa vita vya pili vya dunia Marekani ilikuwa na shida kama yako kwa ukubwa wa nchi nzima: viwanda vilijaa watu ambao hawajawahi kushika mashine. Kuanzia 1940 hadi 1945 waliendesha mradi ulioitwa Training Within Industry, na msingi wake katika kufundisha ulikuwa hatua nne ambazo mpaka leo sijaona zilizozishinda: mwandae anayejifunza, mwonyeshe, mwache ajaribu, mfuatilie. Walikuwa na msemo kwamba kama mfanyakazi hajajifunza, basi mwalimu hajafundisha. Ningependa watu wa Kampala waliokuja Tororo wausikie.

Hebu tuuone mlangoni kwako. Omba walioiuza programu wakupe akaunti ya mazoezi, isiyogusa mizigo ya kweli. Chukua karatasi za lori lililopita wiki jana. Chagua saa ambayo wewe mwenyewe unajua malori ni machache. Mketishe karani kwenye kiti chake, wewe usimame. Muulize kwanza yeye hupokeaje lori, na umwache aseme mpaka mwisho. Kisha fanya wewe, polepole, ukisema kila hatua kwa sauti, na ukifika mahali pa makosa, simama.

Mahali pa makosa ni, kwa mfano, namba ya gari. Daftarini makarani wengi huandika namba ya kichwa tu. Programu inataka ya kichwa na ya trela, ile ya Kenya inayoanza na Z. Karani ataona huo ni usumbufu wa kompyuta, mpaka umweleze sababu: kichwa kikiharibika Eldoret, trela litavutwa na kichwa kingine, na likifika kwenu, mzigo ulioandikwa kwa namba ya kichwa cha kwanza hautaonekana popote. Yeye mwenyewe atakukumbusha siku lilipotokea. Ukimpa mtu sababu ya hatua, hutamkumbusha hatua hiyo tena. Ukimpa hatua bila sababu, ataikumbuka mpaka siku ya foleni ya kwanza.

Halafu mpe kipanya, na mikono yako uiweke nyuma. Afanye, na aseme kwa sauti anachofanya na kwa nini. Akikosea usimnyang'anye. Arudie mara ya pili, ya tatu, mpaka wewe uamini kwamba anajua. Kumuuliza "umeelewa?" hakusaidii, kwetu hakuna mtu mzima atakayejibu hapana mbele ya wenzake. Kisha mwambie atamuuliza nani akikwama, na wewe rudi baada ya saa mbili, rudi kesho yake, rudi Ijumaa. Hatua hii ya nne ndiyo ambayo hakuna aliyeifanya baada ya Tororo.

Usisahau zamu ya usiku. Mpaka wa Malaba haulali, na mara nyingi nimeona mafunzo yakipangwa kwa ajili ya watu wa mchana, halafu watu wa usiku wanalaumiwa kwa makosa ambayo hakuna aliyewafundisha kuyaepuka.

Lugha nayo. Umesema wataalamu walitoka Kampala. Nadhani slaidi zao zote zilikuwa za Kiingereza. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika Katiba tangu marekebisho ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliridhia hatua ya kukitumia kama lugha rasmi kulingana na agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini kwenye mafunzo ya kazini bado tunawafundisha watu kwa lugha ambayo hawagombani wala hawapatani nayo wakiwa kazini. Mlangoni kwenu, dereva wa Mombasa, karani Mteso na mpakuzi kutoka Mbale wanaelewana kwa Kiswahili. Fundisha kwa Kiswahili hicho hicho. Piga picha za skrini, zichapishe, na pembeni mwa kila kitufe andika neno ambalo wafanyakazi wenyewe wamekubaliana. Wakiamua kwamba kitufe fulani ni "funga mzigo", kiitwe hivyo, hata kama si tafsiri sahihi. Ukimwona mzee anamnong'oneza mwenzake kwa Kiteso, mwache, somo linaendelea.

Kuhusu ugomvi wa wazee na vijana: usimfanye kijana mwepesi kuliko wote kuwa mwalimu wa wazee. Atafanya haraka, atamaliza kila kitu yeye, na mzee atabaki ameaibika. Chagua mtu ambaye wenzake tayari humwendea wakiwa na shida, hata kama mwenyewe alichelewa kuelewa. Aliyehangaika kujifunza anakumbuka mahali ilipomuuma. Kisha wapange wawili wawili, kijana na mzee, na kila mmoja awe na la kumfundisha mwenzake: kijana amwonyeshe kipanya, mzee amfundishe kutambua mzigo uliofunguliwa njiani na muhuri uliochezewa. Hilo la pili halimo kwenye programu yoyote, na vijana wako wanalihitaji.

Na mzee anayekuambia "mimi mambo ya kompyuta siyawezi", mwangalie jioni anavyotuma pesa nyumbani. MTN ilianza Mobile Money Uganda mwaka 2009. Wakati ule wengi waliogopa kwamba pesa zitapotea hewani. Leo anabonyeza, anasoma jina la anayepokea, anahakiki kiasi, anaweka PIN, anasubiri ujumbe. Hizo ndizo hatua za kupokea lori, karibu moja kwa moja. Mwonyeshe mfanano huo na utaona mabega yanashuka.

Mfano huo huo utakusaidia kwenye jambo ambalo naamini limeshaanza kwenu: neno la siri moja kwa watu wote, limeandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa chini ya skrini. Litolewe leo. Hapa naomba usikubali maelewano yoyote. Watu wote wakiingia kwa jina moja, kosa la mmoja ni la wote, na yule karani anayeogopa kukatwa mshahara anakuwa hana ulinzi kabisa. Waulize ni nani kati yao anampa jirani PIN yake ya Mobile Money. Hutahitaji kueleza zaidi.

Daftari liondoke lini? Kuandika mara mbili kunachosha, na mtu aliyechoka huacha kile kigeni. Mimi huruhusu wiki mbili za kuandika pande zote, meza moja baada ya nyingine, si ghala zima kwa mpigo. Anza na lango. Kila jioni karani na wewe mlinganishe daftari na skrini, mstari kwa mstari, na mtafute pamoja palipotofautiana. Siku tano mfululizo zikipita bila tofauti, daftari la lango lifungwe, ndipo uhamie mizani. Weka fomu chache za karatasi kwa ajili ya umeme ukikatika, zenye safu zilezile za kwenye skrini, na awepo mtu anayejulikana wa kuziingiza umeme ukirudi. Mtu huyo asiwe wewe. Madaftari ya zamani myatunze. Kuna kesi za mizigo humo, na kuna heshima ya watu.

Bosi atataka kujua pesa zimefanya nini. Usimpelekee orodha ya mahudhurio na picha za watu wameshika vyeti. Mpelekee mambo matatu ya kila wiki: malori mangapi yaliingizwa kwenye programu na karani mwenyewe kabla gari halijaondoka, tofauti ngapi zilionekana jioni, na wewe ulijaza mara ngapi kwa niaba ya mtu. Hiyo namba ya tatu ikifika sifuri, utakuwa umelala usiku pia.

Cheti nacho kina nafasi yake, hasa kwa madereva wa foklifti na mafundi wenu ambao wamejifunzia kazini miaka mingi bila karatasi. Chini ya sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2008, Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani ilianzisha kitabu kinachoitwa Worker's PAS, ambacho mtu hupimwa kwa vitendo na kuandikiwa ujuzi alionao bila kudaiwa vyeti vya shule. Tenga sehemu ya hizo pesa kidogo kwa ajili ya kupimwa kwa watu kama hao. Mfanyakazi mwenye ujuzi wake umeandikwa na serikali haogopi mabadiliko kama yule ambaye ujuzi wake unajulikana na bosi mmoja tu.

Miezi mitatu inakutosha kwa lango na mizani, na pengine ghala la ndani. Ofisi isubiri, na umwambie bosi hivyo tangu mwanzo. Jumatatu, kabla hujampigia mtu yeyote wa Kampala, chukua viti viwili, keti na karani wa lango, umwombe akusomee ukurasa mmoja wa daftari, pamoja na yaliyoandikwa pembeni. Kisha niandikie ulichokikuta humo.